Saa Kwenye Usukani

Mtaa mzima ulimwita Kengele, na mkewe, apende asipende, akawa Mama Kengele. Jina hilo mzee alijitafutia mwenyewe. Baiskeli yake ilikuwa na kengele kubwa ya chuma, naye aliipigia kila kitu: watoto, kuku, magari, milango ya wateja, hata ukuta wa kona ambao hausikii wala hauhami. Kila asubuhi alipakia kreti za mikate kwenye keria, akazikaza kwa kipande cha mpira wa tairi, akaenda kuwagawia wenye maduka. Kazi hiyo aliianza nywele zake zikiwa nyeusi ti. Watoto aliowakuta wakitumwa mkate sasa walikuwa wakiwatuma wa kwao.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule na makoti ya watu wa ofisini. Kengele ikilia kwenye kona, aliondoa mguu kwenye cherehani, akainjika chai. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Miaka yote hiyo sauti ile ilimtosha, mpaka siku alipoanza kusikia kitu kingine nyuma yake.

Ilikuwa pumzi. Mzee alishuka, akaegemeza baiskeli ukutani, kisha akabaki ameinama ameshika kiti, akihema kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

"Umechoka?" mkewe alimwuliza kupitia dirishani.

"Nichoke nini? Nafunga kamba za viatu."

Alikuwa amevaa ndala.

Basi mama wa watu akamkokota hadi hospitali. Daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwandikia vidonge, akasema moyo umeanza kuchoka. Baiskeli hakumkataza. Alimtaka aende polepole, na mapigo ya moyo yasipande kupita mia na kumi na tano. Yakipita, ashuke, atembee. Yakiwa yanapita kila siku, arudi upesi bila kungoja tarehe ya kliniki.

"Sasa daktari, hayo mapigo nitayajuaje nikiwa barabarani?" Kengele aliuliza. "Nimsimamishe askari wa trafiki anishike mkono?"

Jibu lilitoka kwa binti yao, mtoto wao pekee, aliyekuwa akifanya kazi benki katika mji wa mbali. Binti huyo alipenda kukimbia asubuhi, na kwa kuwa alikuwa amejinunulia saa mpya ya michezo, ile ya zamani akamtumia baba. Ilikuwa saa nyeusi, pana, yenye GPS ya kujua ulipo, kasi unayokwenda na umbali uliokwenda. Chini yake zilikuwapo taa ndogo za kijani zinazomulika ngozi na kuhesabu damu inavyopita. Vyote ilivyokusanya vilikwenda kwenye simu ya mzee mfukoni, na binti akavisoma jioni kwenye simu yake huko aliko.

Kengele aliipenda kama mtoto anavyopenda kiatu kipya. "Mke wangu, leo nimekwenda kilomita kumi na tisa!" angesema, utadhani barabara ile ilikuwa fupi zaidi kabla ya saa kuja. Lakini pia aliitii. Kwenye mwinuko wa sokoni saa ilipoonyesha mia na ishirini, alishuka, akakokota baiskeli, na wanaomfahamu wakamtania kwamba baiskeli sasa ndiyo inayompanda yeye. Mkewe alishona kwa amani wiki zile.

Tatizo lilikuwa mkono. Ili asome saa ilimbidi aukunje mkono na kuinamisha kichwa, na asubuhi moja, katika kukunja na kuinamisha, akaingia ubavuni mwa mkokoteni wa viazi. Mikate ikatawanyika, viazi vikatawanyika, matusi yakafuata. Alirudi nyumbani na goti lililochubuka na wazo jipya. Alikuwa amewaona vijana wa baiskeli za mashindano, wale wa kofia ngumu na suruali za kubana, wakiwa na mashine zao za kasi mbele, juu ya usukani.

"Saa mkononi ni ya karani," akatangaza. "Mwenye baiskeli anaiweka usukanini."

Mkanda wa saa ulikuwa mrefu na chuma cha usukani chembamba, kwa hiyo saa ikawa inazunguka na kuning'inia chini kama popo. Akaja kwa mkewe. Mama Kengele akapekua mfuko wa mabaki, akatoa pedi ya bega ya koti moja, sponji nzuri, ngumu kiasi. Akaikata, akaiviringisha kwenye usukani, akaishonea kitambaa cheusi kiungio kisionekane, akaacha juu pawe wazi saa ipate pa kukaa. Saa ikakaa kimya, uso juu. Mshono ulikuwa safi, na mwenyewe aliufurahia.

Hata hivyo aliuliza. "Na moyo je? Utausomaje huko?"

Fundi baiskeli wa nyumba ya jirani, mtu asiyewahi kukosa jibu, alikuwa amesimama pale. "Chuma kinapitisha umeme, Mama. Damu nayo ina umeme wake. Mzee si ameshika usukani kwa mikono miwili? Itasoma vizuri kushinda mkononi."

Na kweli ikasoma. Kesho yake Kengele alirudi na sabini na mbili. Keshokutwa sabini na moja. Kwenye mwinuko wa sokoni, palepale alipokuwa akishuka, sabini na tatu.

"Vidonge vimeingia," akasema.

Binti akapiga simu jioni akicheka kwa furaha. "Baba, umepona! Huo ni moyo wa kijana!"

Mama akaiomba simu. "Mwanangu, mbona bado anahema?"

"Mama, ni umri huo. Namba hazidanganyi. Usimtie baba hofu bure."

Hapo Kengele hakuona tena sababu ya kushuka kwenye baiskeli. Mwenye tanuri la mikate alipomwambia kwamba maduka ya mtaa wa juu, kule mlimani, hayana mtu wa kuyapelekea, alikubali kabla sentensi haijaisha. Tarehe ya kliniki ikafika, ikapita. "Niende nikamwambie nini yule daktari? Kwamba mapigo ni sabini na mbili? Nimpotezee muda?"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda kile Mama Kengele ndiye aliyekuwa akikilalia. Yeye ndiye aliyeona mto mmoja umekuwa miwili, kisha mitatu, mzee akisema shingo inamwuma. Yeye ndiye aliyeona kanda za ndala zimeacha mifereji kwenye miguu iliyovimba. Siku moja alimpandishia sauti: "Wewe mwanamume, sikio la kufa..." Akajiuma ulimi. Neno lile lilimtisha mdomoni mwake mwenyewe, hakulimalizia.

Aliogopa. Lakini kila alipofungua kinywa, aliwekewa namba mbele yake, na namba ilikuwa nzuri. Mume alimwonyesha, binti alimthibitishia, fundi wa jirani alimwelezea upya habari za umeme. Mwisho akaanza kujishuku. Pengine masikio yake ndiyo yamezeeka. Pengine yeye ni mmoja wa wale wake wanaotaka mume augue ili abaki nyumbani. Akanyamaza, na kunyamaza hakukuwa tabia yake.

Ikaja siku ambayo mzee alifika bila kupiga kengele. Mama Kengele alisikia tu baiskeli ikigonga ukuta. Alipoinua kichwa, mumewe alikuwa ameshapita mlangoni, uso umemparara.

"Najinyoosha kidogo," akasema, akaenda chumbani.

Mvua ikaanza. Mama Kengele akatoka kuingiza baiskeli, maana kiti kile kikilowa hakikauki siku nzima. Akaushika usukani, na macho yakatua kwenye saa ambayo mzee alikuwa amesahau kuizima. Sabini na mbili.

Kwanza alishukuru Mungu. Kisha akasimama pale pale, maji yakimwingia shingoni. Mumewe yuko kitandani. Mikono yake yuko nayo huko. Chuma hiki hakuna aliyekishika. Saa ikaonyesha sabini na moja, ikarudi sabini na mbili. Akaachia usukani, akarudi nyuma hatua, akatazama kushoto na kulia kana kwamba kuna mtu. Sabini na mbili.

Akafungua mkanda, akaiinua saa. Taa za kijani zikamulika hewa, na namba zikageuka vistari. Akaivaa mwenyewe: mia na nne, kwa hofu aliyokuwa nayo. Akairudisha juu ya pedi aliyoikata kwa mkasi wake na kuishona kwa sindano yake, akangoja. Sabini na mbili. Taa ile ilikuwa inahitaji kitu chochote cha kumulika, ikipata sponji inahesabu sponji. Moyo wa kijana uliomfurahisha binti yake alikuwa ameushona yeye.

Aliingia ndani akidondosha maji sakafuni, akaushika mkono wa mumewe, akaufunga saa.

"Unanitia pingu?" mzee aliuliza, macho nusu wazi.

"Nyamaza."

Wakangoja wote wawili. Mia na thelathini na nane. Amelala. Mia na arobaini.

"Imeharibika," alisema mzee.

Mkewe alikwenda kwenye mfuko wa mabaki, akarudi na pedi nyingine ya bega. Akaiweka juu ya godoro, akaifungia saa. Baada ya kitambo, sabini na moja. Akaivua, akamrudishia mumewe mkononi. Mia na thelathini na tisa.

Kengele alitazama pedi, akatazama mkono wake. Hakutania.

"Wewe ulisikia," alisema baadaye.

"Nilisikia."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilipiga. Halafu nikaacha." Na hapo machozi yakamtoka, kwa kuwa huo ndio ukweli, na hakuna mwingine wa kuubeba.

Simu ya mzee ikalia. Ilikuwa binti, kutoka kazini. "Mama, kuna nini? Simu yangu inaniambia mapigo ya baba yameruka. Saa imekorofisha?"

"Haijakorofisha. Haya ndiyo ya baba yako. Yale mengine yalikuwa ya sponji."

"Ya nini?"

"Ya sponji, mwanangu. Ile niliyoishona."

Upande wa pili kikasikika kilio. "Utalia baadaye," mama alimwambia. "Sasa namtoa baba yako." Akamwita fundi wa jirani atafute gari, na kwa mara ya kwanza fundi yule alikwenda bila kueleza kitu.

Daktari mpole aliwaambia bila kuzunguka. Moyo umetanuka, maji yamejaa mapafuni, na milima ile imeumaliza. Wangekuja tarehe ile ya kliniki, vidonge vingetosha. Sasa vitasaidia tu. Alimshika Mama Kengele begani aliposema hivyo, na Mama Kengele alitamani asingeshikwa.

Mzee alirudi nyumbani baada ya maji kupungua. Kazi ya mikate alipewa mtu mwingine, na baiskeli ikawekwa nyuma ya mlango wa chumba cha mbele, ambako ilibidi wateja wa sare wapite ubavu. Binti alikuja kwa likizo. Kila asubuhi alimfunga baba yake saa mkononi, palepale inapotakiwa, na kila asubuhi aliisoma namba akaenda kusimama jikoni peke yake.

Siku ya kuondoka kwake, Kengele aliivua, akamwekea kiganjani.

"Ondoka nayo. Kuna wanaokimbia bado."

"Baba, tutajuaje sasa?"

"Mama yako yupo."

Binti alipokwisha kwenda, mzee alikaa kitandani ameegemea mito yake mitatu, akafungua vifungo vya shati. Mkewe alikuwa anapanga sare zilizokwisha. "Njoo," akamwita. "Njoo unisikilize wewe."

Mama Kengele aliweka sare chini, akapanda kitandani, akalaza sikio kwenye kifua chake. Moyo ulikuwa unakwenda, unajikwaa, unangoja, unakwenda tena mbio kufidia. Alisikiliza muda mrefu, kwa sababu hakutaka kukosea na kwa sababu hakutaka kumaliza.

"Haya," mzee alisema. "Unasemaje?"

Lilikuwa jambo jepesi kusema sabini na mbili. Angecheka, wangecheka wote.

"Unachoka," alimwambia. "Unachoka sana, mume wangu."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akaweka mkono wake juu ya nywele za mkewe, naye hakuinua sikio.