Chebet na Boti ya Kumrudisha Mutuku Baharini

Saa sita mchana, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Hilliard, pembezoni mwa jiji la Columbus, Bridgit Chebet anamlisha bibi mmoja supu ya karoti. Simu inatetemeka mfukoni mwa sare yake. Anaweka kijiko chini, anachungulia jina, kisha anairudisha simu mfukoni. Si Mutuku.

"Tangu Jumapili hashiki simu yangu," anasema huku akimpangusa bibi kidevu. "Sijui nimemkosea ama nimemsaidia."

Chebet alizaliwa Kapsabet, nchi ya ukungu na majani chai, na bahari aliiona akiwa mtu mzima. Alikuja Ohio kusoma, akabaki na kazi ya kutunza wazee. Miaka minne iliyopita alijiandikisha kujifunza kupiga mbizi, na darasani akakuta Waafrika wenzake wawili: Mutuku, Mkenya wa Makueni, na Zenoni, Mkongomani aliyekulia kando ya Ziwa Kivu. Walianzia kwenye bwawa la kuogelea, wakamalizia kwenye shimo la zamani la kuchimba mawe lililojaa maji baridi ya kuuma mifupa.

Kanisani kwao Westerville, karibu na Columbus, watu waliwacheka. "Wewe ulishazamia Marekani," mzee mmoja alimwambia Chebet, "unazamia wapi tena?"

Baadaye kazi iliwatawanya. Mutuku alihamia Louisville, kwenye ghala la vifurushi. Zenoni alimfuata shangazi yake Buffalo, akapata kazi kiwandani, akapanga nyumba mtaa wa East Side. Lakini waliahidiana kuwa kila mwaka watakutana kwenye kisiwa cha Karibi, washuke pamoja kutazama matumbawe.

Safari ya mwaka 2015 ndiyo iliyoharibu mambo.

Siku ya kupiga mbizi, wageni waligawanywa katika boti mbili. Chebet na Zenoni walikuwa katika boti ya kwanza, Mutuku katika ya pili. Mkondo ulimsukuma Mutuku kando, na alipotoa kichwa majini aliona mgongo wa boti yake ukienda zake. Mhudumu alikuwa ameuliza kama wote wamepanda. Mtu mmoja akajibu kwamba wapo, na ikawa basi.

Gatini, Chebet alisubiri boti ya pili huku ameshika taulo la Mutuku. Abiria walishuka wote. Mutuku hakushuka.

"Kila mtu alidhani yuko boti ya wenzake," Chebet anasimulia. "Niliangalia ile bahari nikasema, sasa nitampigia mama yake simu nimwambie nini?"

Boti ya watalii wengine ilimkuta akielea, midomo imepasuka kwa chumvi na jua. Alipona mwili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku hiyo Mutuku hakutia mguu hata bwawani.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka 2016, akampigia Chebet simu kutoka Louisville.

"Nataka kurudi," alisema. "Nikikaa hivi nitaogopa hata beseni. Lakini kampuni ya kutupeleka majini utachagua wewe. Ukisema twende, nitashuka. Sitauliza kitu."

Maneno hayo yalimnyima Chebet raha. "Nilitamani aniulize," anasema. "Mtu asipokuuliza, mzigo wote ni wako."

Akaanza kupiga simu visiwani wakati wa mapumziko ya kazi, akiwa ndani ya gari lake, madirisha yamefungwa. Kampuni ya kwanza ilikuwa na picha za kupendeza kuliko zote: kasa, samaki wa rangi ya dhahabu, wageni wakicheka. Chebet aliuliza swali lake: "Mnajuaje kwamba kila mtu amerudi?"

Kijana aliyepokea alicheka kidogo. "Kwetu hajawahi kubaki mtu, mama. Ondoa wasiwasi."

"Na wageni wakiwa chini, nani anabaki kwenye boti?"

"Inategemea. Nahodha naye hupenda kushuka."

Chebet alimshukuru, akakata simu.

Alimweleza Zenoni. Yeye alipunguza sauti ya televisheni kule Buffalo. "Bon, dada," alisema, akichanganya na Kifaransa, "mi naogopa mutu mwenye kusema kila kitu iko sawa. Ku maji akuna kila kitu sawa. Donc, tafuta mwenye anaogopa kama sisi."

Simu nyingine zilifuata. Wengine walijibu vizuri, wengine walimchoka. Mwishowe akampata mwanamke mwenye kampuni ndogo, asiye na maneno mengi. Kwake, alisema, kila mgeni huitwa kwa jina na kujibu mwenyewe, hakuna anayemjibia mwenzake. Mtu mmoja hubaki juu na kazi yake ni kutazama maji tu. Upepo ukichafuka, hawaendi, hata wageni wakinuna.

Kisha akamgeuzia swali. "Kwa nini unauliza hivyo?"

Chebet akamweleza yaliyompata Mutuku. Mwanamke akamuuliza tena.

"Ameshapiga mbizi tangu hapo?"

"Hapana."

"Basi simpeleki kwenye mwamba siku ya kwanza. Ataanzia ufukweni, maji ya kifuani, na mimi kando yake. Asipotaka, nenda kwingine."

Chebet alijua amepata alichokitafuta. Alijua pia kwamba Mutuku ni mtu wa kujiheshimu, na aliwahi kupiga mbizi kwenye giza la lile shimo la mawe bila kusita. Jumapili, baada ya ibada, alimpigia akamwambia sharti lilivyo.

"Kama mtoto?" Mutuku aliuliza. Kisha simu ikakatika.

Hakupatikana hadi Ijumaa, siku chache baada ya mchana ule wa supu ya karoti. Chebet alikuwa akikunja mashuka ya wazee alipomsikia tena, sauti iko chini.

"Jana nilienda bwawani," Mutuku alisema. "Nilishindwa kutia uso majini. Chebet, mimi ningewadanganya watu wa boti. Ningesema niko sawa."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo mwambie huyo mama nakuja."

Walikwenda mwezi Mei. Siku ya kwanza Mutuku alifika maji ya kifuani, akatoka, akakaa mchangani. Mwenye kampuni alikaa naye. Siku ya pili alitia uso majini. Siku ya tatu walipanda boti, wakashuka mwambani, na kabla hata hawajafika kwenye matumbawe makubwa Mutuku aliashiria kwamba anataka kupanda. Mwenye kampuni akapanda naye taratibu.

Chebet, aliyebaki chini na Zenoni, hakuona samaki hata mmoja. Alikuwa anatazama juu.

"Nilipotoa kichwa," Mutuku anasema kwa simu kutoka Louisville, "boti ilikuwa pale pale. Na kuna mtu amesimama, ananitazama mimi. Nililia, na sioni haya kukwambia."

Hajashuka tena, lakini amesema atarudi.

Sasa Zenoni anataka kuja na mkewe, Esperance, ambaye hajui kuogelea, na kazi ya kuchagua kampuni ya kumfaa wanamwachia Chebet tena. Usingizi umeanza kumruka. Amemtaka Zenoni amlete kwanza mkewe Columbus, Chebet aingie naye bwawani, amwone kwa macho yake.

"Natumaini atapenda," anasema akifunga kamba za viatu, zamu ya mchana ikimsubiri. "Akikataa, hatutamlazimisha. Tutangoja mwaka mwingine. Bahari haihami."