Na Mama Mkwe Katika Ndege ya Kisumu

Mke wangu Akinyi alikuwa afanyiwe upasuaji wa uzazi Nairobi jioni ile, na aliomba kitu kimoja tu: mama yake awe kando ya kitanda. Mama anauza samaki Dunga, ufukweni Kisumu, na hajawahi kupanda ndege. Basi mimi, mtu wa Nyeri niliyeoa Ujaluoni, nikatumwa kumleta.

Dunga, asubuhi. Nilimkuta amevaa nguo ya kanisa, kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, kimefungwa tayari. Sikumpa mkono. Nyinyi wa nyumbani Nyeri mtasema sina adabu, lakini huku mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawagusani, hawaketi pamoja.

Uwanja wa ndege. Tulikuwa tumepewa viti vya pamoja, Mama akagoma.

“Huyu ni mkwe wangu,” alimwambia mhudumu. “Siwezi kaa na yeye.”

Mhudumu, binti wa huko huko, hakubisha. Akampeleka nyuma kabisa.

Juu ya ziwa. Mlio mkubwa ulisikika upande wa kulia, pangaboi la injini likasimama. Rubani akatangaza kwamba injini moja imezimika, tunarudi, tufunge mikanda na kuinama. Nilikaza mkanda, nikainama. Nyuma nilimsikia Mama akiita, “Nyasaye, Nyasaye,” akimwomba Mungu akiwa peke yake kule, na roho ikaniuma.

Kisumu tena. Tulitua kwa kishindo, magari ya zimamoto yakitukimbilia. Kwenye ngazi miguu ya Mama ilikataa. Nilisimama chini, mikono nyuma, kama mjinga.

“Nishike, baba! Utaniangalia tu nianguke?”

Nikamshika. Tukashuka pole pole.

Mchana tuliambiwa kuna ndege nyingine. Kwa barabara tusingewahi.

“Hiyo kitu sipandi tena,” Mama akasema. “Enda wewe.”

Sikuthubutu kumbembeleza. Nilimpigia Akinyi, nikampa Mama simu.

“Mama, umefika wapi?”

Machozi yalimlengalenga Mama. “Niko njiani,” akajibu, akainua kikapu.

Ndani ya ndege nilielekea kiti cha mbali.

“Wee, unaenda wapi? Kaa hapa. Kama ni kuanguka, nianguke na mtoto wangu.”

Nairobi, jioni. Akinyi alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu.

“Mbona mmechelewa?”

“Ndege ilikuwa na kazi kidogo,” Mama akasema, akimpapasa paji la uso. Kisha akahamia upande wa pili wa kitanda, mbali nami.

Miaka yote, ingawa niliambiwa ni heshima, moyoni nilidhani umbali ule ni ubaridi. Sasa najua nina mama Dunga.