Mwalimu wa Kwaya na Kichina cha Mjukuu

Mwalimu wa kwaya wa Msangeni alijifunza Kichina mwaka mzima kwa ajili ya mjukuu wake wa miaka minne, aliyezaliwa Guangzhou na asiyejua Kiswahili. Kila asubuhi mkewe, Faustina, alimsikia barazani akirudia maneno ya kwenye simu huku akiandika do, mi au so juu ya kila neno, ili sauti isipande pasipopasa na kubadili maana ya neno. Neno likimshinda, alikohoa kidogo akaanza upya.

Jumapili moja baada ya ibada alipiga simu, akamwuliza mtoto amekula nini. Mtoto alijibu mbiombio, naye hakuambulia kitu. "Amekuelewa, Baba," binti yao alisema, "ila anajibu kwa Kikantoni, anachoongea na bibi yake wa huku. Ni Kichina kingine kabisa." Mzee alifuta miwani polepole. "Basi mwambie arudie taratibu." Akamwiga mtoto neno kwa neno. Mtoto akacheka, akamsahihisha. Akajaribu tena, akasahihishwa tena. Faustina aliacha kumenya ndizi. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa, hakuwahi kumsikia mumewe akikosolewa na kujibu, "Ndiyo, mwalimu."