Dereva Aliyesimama Mbele ya Mlango Wetu

Harufu ya kwanza ya Tunduma ninayoikumbuka ni ya dizeli iliyochanganyika na moshi wa mkaa na vumbi la mwezi wa sita, vumbi linaloingia hadi kwenye chumvi ya mezani. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amefariki miezi michache nyuma, kijijini kwetu Mbozi, na baba hakuweza kulea watoto wanne na huku anahudumia kahawa, kwa hiyo alitugawa kwa ndugu. Mimi niliangukia kwa dada yake mkubwa, shangazi Tabitha, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwenye lami, na mbele yake ilipita foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Zambia.

Shule zilipofungwa, shangazi aliondoka kila asubuhi na kurudi jioni, na mimi nikabaki na nyumba. Watoto wa jirani walinicheka kwa jinsi Kinyiha, lugha ya kwetu, kilivyojitokeza katika kila neno nililolitamka, nikaacha kucheza nao, kisha nikakaribia kuacha kuongea kabisa. Nilifagia uwanja, nikaloweka maharage, nikakaa kwenye kizingiti. Shangazi alikuwa ameniachia amri moja iliyozidi nyingine zote: nisiongee na madereva. Alinieleza habari za wasichana wa mtaa ule waliopewa soda na biskuti, kisha wakapewa mimba. Sikuelewa yote, lakini nilielewa uso wake alipokuwa akisema.

Mwaka huo foleni ilikwama. Watu wazima walisema mitambo ya forodha imeharibika, wengine wakasema ni karatasi zimebadilishwa, na kila mtu alikuwa na lake la kulalamika. Nyanya zilioza ndani ya magari, gari la wagonjwa lilikosa pa kupita, na sisi tuliokaa kando ya barabara tulipenya kati ya matairi ili kwenda kuchota maji. Lori la bluu lilisimama mbele ya mlango wetu, na halikusogea.

Dereva wake alikuwa Mzambia mwenye umri wa baba yangu, mwembamba, mwenye mvi kwenye ndevu. Alipika ugali wake kwenye jiko dogo kando ya tairi, akafua shati na kulitundika kwenye kioo cha pembeni. Asubuhi aliponiona kizingitini aliinamisha kichwa na kusema, "Mwashibukeni, mukwai," salamu ya Kibemba ambayo kwao mtoto kama mimi hupewa kwa kutaniwa tu, maana ni ya heshima. Sikuitikia. Siku ya tatu nilitazama huku na huku, nikajibu kwa sauti ndogo, "Eya, mukwai," kama nilivyowasikia wateja wa sokoni wakijibu. Alicheka, akarudi kwenye sufuria yake. Hakunipa soda wala biskuti, wala hakuwahi kuvuka mtaro ulio kati yetu. Lakini kwa majuma mawili hakuna mtu mwingine aliyenisalimu wa kwanza, na nilianza kuamka mapema ili nisiikose salamu ile.

Kisha asubuhi moja hakushuka. Pazia la kibanda cha lori lake lilikuwa limefungwa na shati bado linaning'inia. Nilingoja hadi mchana. Jioni shangazi aliporudi nilimwambia, "Yule dereva wa lori la bluu hajashuka leo."

"Umejuaje kama hajashuka?" aliniuliza. "Nilikukataza nini?"

Nikaingia ndani kuwasha jiko. Kesho yake pazia lilikuwa vilevile. Madereva wenzake walipita bila kugonga. Nadhani kila mmoja alidhani mwenzao amevuka kwa miguu kwenda kwa ndugu zake Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Jioni nikamwambia shangazi tena. Alinipiga kofi moja, akaenda kuinjika chai.

Siku ya tatu, shangazi alipokwisha kuondoka, nilikwenda dukani kwa Mzee Hamadi, mfanyabiashara kutoka Kondoa aliyekuwa na duka la vocha na vyakula jirani yetu. Nilisimama pale hadi akaniuliza ninataka nini. Nikasema, "Shikamoo. Dereva wa lori la bluu hajashuka siku ya tatu sasa." Alinitazama, akavaa makubadhi yake, akatoka bila hata kufunga duka. Aligonga mlango wa lori, akapanda, akafungua. Nilimsikia akisema taratibu, "Baba, unanisikia?" Alikuwa bado anapumua. Walimshusha watu wanne, mwili wake ukiwaka homa, wakampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali. Macho yake yalikuwa wazi, ila sidhani kama aliniona. Alifariki kabla ya adhuhuri. Malaria iliyopanda kichwani, walisema.

Shangazi alizipata habari sokoni. Aliporudi alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Uliniambia," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Baadaye akapika wali, chakula cha sikukuu kwetu, na hakuna aliyeugusa. Hakuniomba msamaha, wala hakuwahi kunipiga tena hadi nilipoondoka nyumbani kwake. Siku chache baadaye alikuja dereva mwingine, foleni ikafunguka, lori likaenda. Jina la yule mtu sikulijua, na sijui ni nani aliyewapelekea watu wa kwao taarifa.

Leo ninaishi Vwawa, nina kazi ya ofisini na nyumba yenye geti. Barabara ni ileile iendayo Tunduma, na malori yakikwama tunalalamika kama zamani: tumechelewa kikao, bidhaa zimepanda bei, serikali ifanye jambo. Tunayahesabu magari. Waliomo ndani hatuwaulizii. Siku zile niliwalaumu watu wazima wote. Sasa mimi ndiye mtu mzima, na binti yangu ametimiza miaka tisa. Juzi alinieleza kwamba kuna mzee anayempungia mkono kila asubuhi akienda shule. Nilimuuliza yuko wapi, amevaa nini, amemwambia nini. Kisha nikamwambia asimjibu. Aliniuliza kwa nini, nami nikamsaidia kufunga kamba za viatu.