Mama Alipodhaniwa Mtanzania

Katika kituo chetu cha kuuzia majani chai, karibu na Sosiot, hakuna aliyewapinga wageni kwa ukali kama mama yangu. Nalisema hilo mapema kwa sababu yaliyomkuta Kapkatet yasingechekesha hata kidogo kama angekuwa mtu wa kunyamaza.

Mwaka huo siasa ya wageni ilikuwa imepamba moto. Mheshimiwa mmoja alisimama kwenye mazishi huko Ndanai akatangaza kwamba masoko yetu yamejaa watu wasio na karatasi, wanaokula kazi za vijana wetu, na kwamba serikali itawasomba wote. Kesho yake, tukingoja lori la kiwanda na vikapu vyetu vya majani, hatukuwa na mazungumzo mengine. Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba makubwa, alisema kazi ya kuchuma chai ilichukuliwa na mashine, na mashine haiulizwi kitambulisho. Mama akamjibu kwamba mashine haiuzi karanga sokoni. Watu wakacheka, na mzee akashindwa kwa kelele wala si kwa hoja. Mwenye duka la pale kando, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, aliendelea kupima sukari bila kuinua macho. Neno "wageni" likianza kuzunguka, yeye hukumbuka kuwa ana kazi nyingi.

Kichekesho ni kwamba mama mwenyewe alikulia Tanzania. Babu alivuka mpaka kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Musoma, akakaa huko na familia mpaka mama akamaliza darasa la saba. Sisi wa huku Kiswahili tunakitumia kama jembe la kuazima: kazi ikiisha tunakirudisha. Mama anacho cha kwake. Anasema "naomba" pale tunaposema "nipe", na ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba samahani. Siku moja nilimkumbusha kwamba babu naye alikuwa mgeni kwa watu. Akasema babu alikwenda kufanya kazi, hakwenda kuzurura. Nikamuuliza wauza karanga wanafanya nini. Akanituma nikafunge ndama.

Basi tukaenda Kapkatet, hospitali, kwa ajili ya goti lake. Nikamwacha kwenye benchi nje ya lango nikaingia kuchukua dawa. Huku nyuma likaja lori la serikali, na maafisa wa uhamiaji wakaanza kupita kwenye soko la pale nje ya lango wakiuliza watu vitambulisho. Yaliyofuata nilisimuliwa na mama mwenyewe, na pia na muuza ndizi wa kando ya benchi, ambaye namwamini zaidi.

Kijana mmoja, afisa, alisimama mbele ya mama na kusema, "Mama, kitampulisho."

Alikuwa Mkipsigis kama sisi, ulimi wake ulishasema hivyo. Mama angemwambia kwa lugha yetu kwamba kitambulisho kimebaki kwenye mkoba mwingine, mambo yakaisha. Lakini kijana mwenye umri wa mjukuu wake alikuwa amemfikia bila salamu. Mama akamtazama, akasema, "Kwanza, hujambo. Pili, ni kitambulisho."

Kijana akamuuliza anatoka wapi. Mama akajibu kwamba anaishi Sosiot, kitambulisho amekisahau nyumbani, na kwamba anaomba awiwe radhi. Hiyo radhi ndiyo iliyommaliza. Kijana alimgeukia mwenzake akamwambia wamepata Mtanzania.

Nilipotoka na dawa, benchi lilikuwa tupu. Muuza ndizi alinionyesha lori kwa kidevu. Nikamkuta mama ameketi juu kule, kati ya wauza karanga wawili na mwanamke aliyekumbatia furushi la vitenge, wakipiga soga. Nikamwambia kwa Kipsigis, haraka haraka, awaeleze yeye ni nani, tushuke twende nyumbani.

Mama alinitazama kwa upole mkubwa. "Samahani, dada," akasema. "Sielewi unachosema."

Yule kijana alinionea huruma. Akaniuliza kama namjua huyu mama. Nikasema ni mama yangu mzazi. Akaniambia polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba mama mwenyewe hanielewi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka kumfinya yule mama. Nilijua anachofanya. Alikuwa anangoja asalimiwe.

Aliyetuokoa ni mkubwa wao, mwanamke wa makamo, aliyekuja kuuliza kelele ni za nini. Alimtazama mama, akatazama namna alivyofunga kitambaa kichwani, kisha akasema, "Takwenya, kogo." Hiyo ni salamu ya wanawake wa kwetu, na kogo ni nyanya.

"Igo," mama akaitikia papo hapo. Salamu kama hiyo haachi ipite hata akiwa usingizini.

Lori zima lilicheka, wauza karanga wakiwa mbele. Yule mkubwa akamwambia ashuke, na kijana akamshika mkono kumsaidia, uso umemwiva. Mama akakataa kushuka. Akasema yule mwenye vitenge naye aachwe, kibali chake kimeisha tu, na ni mtu wa kwetu.

"Kwetu wapi, kogo?"

Mama akasema goti linamuuma, akamshika kijana mkono akashuka.

Sheria haikupinda. Wauza karanga na mwanamke wa vitenge walipelekwa mpakani Isebania. Kabla lori halijaondoka, yule mwanamke aliona furushi lake litapotelea njiani, akamwomba mama amwekee. Tulirudi nyumbani nalo. Mimi ndiye niliyelibeba, na mama alitembea mbele, goti likiwa limepona ghafla.

Nilidhani atalificha. Siku iliyofuata alifika kituoni na vitenge viwili begani akawauzia wanawake wa foleni. Jirani mzee akamuuliza kama ana leseni ya kuuza mali ya wageni. Mama akasema msimamo wake ni uleule, wasio na karatasi waende, ila wapewe nafasi ya kwenda kuzitafuta na kurudi, kwa sababu wengine ni watu wazuri. Mzee akauliza ni akina nani hao wengine. Mwenye duka, kwa mara ya kwanza, aliweka mizani chini ili asikie jibu. Mama alisema lori la kiwanda limefika. Lilikuwa halijafika.

Mwanamke wa vitenge alirudi baada ya muda, kibali chake kimegongwa muhuri. Alikuja moja kwa moja nyumbani akamwamkia mama shikamoo, neno ambalo kwetu hulisikii hata kanisani, na mama akaitikia marahaba kwa sauti ya kitoto. Akamrudishia furushi pamoja na pesa za vitenge alivyouza. Wakaketi jikoni. Mwanamke huyo alikuwa mtu wa upande wa Musoma, na mama alimuuliza kama ile shule aliyosomea utotoni bado ipo. Akaambiwa ipo, imepakwa rangi ya samawati. Akamwongezea chai.