Lugha Isiyogusa Midomo

Sabina Shimba alikuwa akishona sare za shule kibandani kwake Kisesa wakati wifi yake Tereza alipompigia simu akilia. Yeremia, kaka yake Sabina, alikuwa ameanguka kwenye duka lake la vipuri vya baiskeli kule Buhongwa. Kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, mdomo ukaenda upande.

Aliporudishwa nyumbani Mkolani kutoka hospitalini, alielewa kila alichoambiwa, ila kujibu hakuweza. Daktari alisema maneno yamevurugika kichwani, na midomo nayo imelegea. Akijaribu kusema "maji", midomo ilikataa kukutana. Mtu aliyewafundisha wanakwaya kutamka kila neno wazi, sasa alitoa pumzi na mate tu. Ukimpa kalamu mkono wa kushoto, alichora mikwaruzo.

Kisha asubuhi moja akasema bila kukwama, "Enki lilase natani."

Tereza alidhani mumewe ananena kwa lugha, akamwita mchungaji, wakaomba. Sabina alipofika na kuisikia sentensi ile, aliketi sakafuni palepale.

"Si roho hiyo, wifi," alisema. "Hayo ni maneno yetu. Tuliyatunga utotoni."

Walikulia Igombe, ufukweni, ambako mnandi hukausha mabawa juu ya miamba. Yeremia alibuni kwamba ndege wale wana nchi yao, Ng'ataki, yenye chifu, vita na sheria. Na kwa kuwa ndege hana midomo, lugha yao haikuruhusiwa kuwa na sauti inayogusa midomo. Hapakuwa na m, b, p, f, v wala w. Hata o na u zilifukuzwa, maana huwezi kuzitamka bila kuviringa midomo. Zikabaki a, e na i. Kisha Yeremia akaifuta r. Sheria hiyo haikuwahusu ndege. Shuleni walimcheka Sabina kwa kusema "kalatasi" na "lula", na kaka mtu alitaka iwepo nchi moja ambako mdogo wake hakosei.

Sasa ilikuwa lugha pekee ambayo mdomo wake uliweza kuibeba.

"Basi tuambie," Tereza alisema, na matumaini yake yalimtisha Sabina. "Anasema nini?"

"Enki ni maji. Lilase ni jiwe."

"Na hilo la mwisho?"

Sabina alifumba macho. "Sikumbuki."

Wakamletea maji, akayasukuma. Wakamuuliza kama anaumwa, kama anataka mchungaji, kama ni habari ya duka, kama anawataka watoto walioko Shinyanga. Alitikisa kichwa kwa kila swali, halafu akairudia sentensi polepole, akimtazama Sabina, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi aliyelijua jibu jana.

"Kaka, nisamehe," Sabina alisema. "Nilikuwa mdogo."

Wakakodi bajaji wakampeleka ziwani. Sabina alijiambia kwamba akiyaona maji na mawe pamoja, ataonyesha kwa kidole. Wakamketisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya miamba. Mnandi walikuwepo. Yeremia aliwatazama kidogo, kisha akageuza uso, machozi yakamtoka upande wa uso usiopooza.

"Siyo hiki?" Sabina aliuliza.

Alitikisa kichwa.

Njiani kurudi Sabina alielewa jambo moja, nalo halikumsaidia. Lugha ya Ng'ataki haikuwa na neno la ugonjwa, wala mke, wala kuogopa. Ilitungwa na watoto. Huenda kaka yake alikuwa akiyapinda maneno ya mchezo yaseme mambo ya mtu mzima, na hata yeye Sabina angelikumbuka lile neno, asingejua limepindwa kuelekea wapi.

Tereza alianza kumlaumu kwa ukimya, akimwekea chakula bila kumtazama. Siku moja uvumilivu ulimwishia. "Miaka yote nimelala naye. Leo ana neno, mwenye kulijua ni wewe, na wewe umelipoteza!"

Baada ya hapo Yeremia aliacha kuisema sentensi ile. Alikula, alinyolewa, aligeuzwa ubavu. Sabina alipomsalimu kwa maneno machache aliyoyakumbuka, alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyesalimiwa na mgeni. Kabla ya mvua za vuli kiharusi cha pili kilimchukua. Mazishini mchungaji aliuliza kama marehemu aliacha usia. Tereza alimtazama Sabina. Sabina akatazama chini.

Matanga yalipokwisha, wawili hao walibaki jikoni.

"Nifundishe," Tereza alisema.

"Hakuna kitu, wifi. Ni vijineno tu."

"Nifundishe hivyohivyo."

Sabina alimfundisha maji, jiwe, ndege, njoo, kimbia. Tereza aliyarudia kwa shida, na Sabina akamsahihisha, "Usiguse midomo." Yote waliyokuwa nayo yaliisha kabla chai haijapoa.