Marehemu Alikuwa Anakunywa Chai

Haya, kaeni, nitasimulia mwenyewe, maana nimechoka kusikia watu wa Umbilo wakiisimulia vibaya, wengine mpaka wanaongeza kwamba nilikula na andazi, uongo mtupu, andazi halikuwepo. Aibu niliipata, sikatai, tena niliipata mchana kweupe mbele ya ukumbi mzima wa kanisa, lakini isimuliwe ilivyokuwa, msinizidishie.

Kwanza mjue mimi ni nani. Hapa Durban mnanijua kama Mama Furaha wa saluni, yule wa kusuka rasta na kelele nyingi (kelele ni kweli), lakini kwetu Bukavu, enzi zile redio ndiyo ilikuwa kila kitu, mimi nilikuwa sauti. Mchezo wetu wa redio ukianza, mtaa mzima kimya, wanaume wanaacha kubishana, wanawake wanaepua sufuria ili mchuzi usipige kelele, nami nikilia kwenye kipaza sauti, mji unalia. Kuna mama alinipa kuku sokoni, kuku mzima, kwa sababu mume wangu wa kwenye mchezo alikuwa amenifukuza, na aliponitambua ni pale nilipouliza bei, kwa sauti tu, maana sura yangu hakuna aliyeijua. Kisha vita vikatutoa, nikafika hapa ambako hakuna aliyewahi kunisikia, na ile sauti yote ikabaki ya kuuliza wateja wanataka nyembamba au nene. Iliniuma, nawaambia ukweli, iliniuma kila siku.

Sasa mwaka wa tisini na nane Papa Rigobert, kiongozi wa kwaya yetu (kwao alikuwa mwalimu, hapa alikuwa anapakia malori Clairwood), akatuletea habari kwamba redio moja ndogo ya mtaa inaweza kutupa nusu saa ya Kiswahili kila Jumamosi, ila bwana wa redio, Baba Mkhize, anataka kwanza kutuona tukicheza. Nusu saa! Moyo uliruka. Sikuwaza kwaya wala jumuiya, niliwaza jina langu linarudi. Papa Rigobert akaandika mchezo wa kilio kitupu: mama anamngoja mume aliyepotea vitani, mume anarudi, anamkuta mke mgonjwa, mke anafia mikononi mwake. Mke ni mimi, nani mwingine? Mume akapewa Otieno, kijana wa Kenya aliyekuwa anasoma chuo kikuu, mpole, anavaa miwani.

Na hapa ndipo nilipojichimbia shimo, kwa jambo dogo sana: sikwenda mazoezini.

"Mama Furaha, leo iko repetisyo saa tisa," Papa Rigobert alinifuata mpaka saluni.

"Papa, mimi nilishakufa redioni kabla Otieno hajaota meno. Leo unifundishe kufa?"

"Lakini hii si redio, mama. Watu watakuona."

"Na wanione!"

Maneno nilikuwa nimeyashika yote, wateja wangu ni mashahidi, kuna mmoja nilimsuka upande huku nakata roho akasahau kulalamika kwamba nabana. Nilijiona niko tayari.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Jukwaa halikuwa na pazia, pembeni yake iko meza ya chai ya akina mama, na mbele kabisa walisimamisha kipaza sauti kimoja. Jamani, nilipokiona kile kipaza sauti nikasahau dunia. Nilikwenda moja kwa moja, nikasimama mbele yake, nikafumba macho kama nilivyozoea. (Redioni hatuangaliani, tunaongea na chuma, hata yule unayemwambia unampenda yuko nyuma yako anajichokonoa meno.)

"Sasa nainuka kitandani," nikasema, nimesimama wima. "Nafungua dirisha. Eh, mvua hii!"

Sikufungua kitu. Redioni asiyekuona lazima aambiwe. Nikasikia watu wanaguna, nikajua tayari nimewashika.

"Nani anabisha hodi?" nikauliza, nikangoja. Kwetu alikuwepo bwana mmoja na ubao wake, kazi yake ni kugonga, na bila ubao mimi siendelei. Nikangoja, ubao kimya.

"Mama, nimeshaingia," Otieno akaninong'oneza sikioni. "Niko hapa."

"Nasikia hatua zake zikikaribia!" nikapaza sauti, na aliponishika bega nikampiga kiwiko, maana kwenye kazi yetu mtu akikugusa sauti inatetemeka.

Tukafika kwenye kufa. Hapo sina mpinzani, naomba niseme. Nilishusha pumzi polepole, nikaita jina la mume, nikakata roho. Ukumbi ulinyamaza, hata watoto. Na sasa, ukishakufa redioni unafanya nini? Unavua viatu, unanyata, unaondoka kwenye kipaza sauti ili wenzako waendelee. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikanyata mpaka kwenye meza, nikajimiminia chai.

Nyuma yangu Otieno maskini amepiga magoti, mikono ameitandaza mitupu, analia: "Mke wangu, usiniache! Mke wangu, uko wapi?"

"Baba, marehemu yuko huku!" mama mmoja akapiga kelele. "Anakunywa chai!"

Mngedhani nilishtuka hapo. Wapi! Sikumsikia hata kidogo, kwa sababu masikio yangu yalikuwa kwa wale dada watatu wa kwaya walioanza kuomboleza, na walikuwa wanaomboleza vibaya, kilio cha watu walioshiba. Kwetu tulikuwa wachache, kwa hiyo aliyekufa ndiye aliyerudi kuongezea sauti ya matanga, ndiyo ilikuwa desturi. Nikaweka kikombe. Nikarudi mbio kwenye kipaza sauti, nikafumba macho, nikaangua kilio chenyewe, kile cha Bukavu: "Uuuwi! Mama huyu alikuwa mwema! Nani atatupikia!"

Ndipo Otieno akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole, "Mama, sasa unamlilia nani?"

Nikafungua macho. Watu walikuwa chini, nawaambia, wengine wamelala kwenye mabenchi, mchungaji amejifunika uso kwa Biblia, Papa Rigobert amekaa ameshika kichwa, na Baba Mkhize anajifuta machozi na kurudia "eish, eish". Viatu bado viko kwenye meza ya chai. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mimi, niliyeliza mji!

Baba Mkhize akapanda jukwaani, akaongea Kiingereza, Otieno akatafsiri: "Anasema nusu saa tumepata. Lakini anamtaka mama aliyekufa. Kila Jumamosi. Vichekesho."

"Vichekesho?" Papa Rigobert akaruka. "Mwambie ule ulikuwa msiba!"

"Nimemwambia. Anasema Kiswahili hajui, lakini watu wanaocheka anawajua."

Wote wakaniangalia. Kwaya nzima ilikuwa inangoja neno langu, na mimi nilitaka kwenda nyumbani nikajifungie. Nikafikiria ile nusu saa. Nikafikiria saluni, nyembamba au nene, mpaka nizeeke.

"Otieno, mwulize," nikasema. "Hicho chumba chake cha redio kina dirisha?"

Akauliza. "Anasema hapana, mama. Ni ukuta mtupu, na mlango unafungwa."

"Hakuna anayeona ndani?"

"Hakuna."

"Basi mwambie sharp, sawa, nakuja."

Nimekufa mara nyingi mle ndani, watu wa Jacobs mpaka Clairwood wamecheka mbavu hawana, na mnanisalimia barabarani kwa jina. Redioni niiteni hata alfajiri. Lakini jukwaani, hata mnibebe kwa machela, sipandi.